Sura ya Saba: Kipuri Kisichouzwa Tena

Ukiingia duka la spea Kariakoo ukaomba beringi, utaulizwa kwanza, "Ya pikipiki gani, kaka?" Mwenye Boxer akishajibu, muuzaji anageuka, anavuta boksi, na biashara imekwisha. Mwenye BSA Bantam ya mwaka 1951 akijibu, mlango umefungwa. Muuzaji atatikisa kichwa, na atakuwa mkweli, maana kwa jina hilo hana kitu. Lakini inawezekana kabisa kwamba beringi inayotafutwa iko hapohapo nyuma yake, ndani ya boksi lililoandikwa jina la mashine nyingine, labda pampu ya maji au mota ya mashine ya kusaga.

Anayefufua pikipiki ya zamani lazima ajifunze kuomba kwa namna nyingine. Aseme: nataka beringi yenye tundu la milimita 20, upana wa nje 47, unene 14. Hapo muuzaji hahitaji kujua pikipiki gani. Hiyo ni 6204, na hakuna mji wenye gereji unaoikosa.

Sura hii yote imejengwa juu ya jambo hilo moja. Kipuri ni vipimo kwanza, jina baadaye. Bantam nimeichagua kuwa mfano kwa sababu historia yake yenyewe inalithibitisha.

Mwaka 1939 kiwanda cha DKW katika mji wa Zschopau, Ujerumani, kilitoa pikipiki ndogo iitwayo RT125, iliyobuniwa na mhandisi Hermann Weber. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, yenye silinda moja ya kipenyo cha milimita 52 na mwendo wa pistoni wa milimita 58. Vita vilipokwisha, mashine hiyo ikawa sehemu ya fidia ya vita. Warusi walichukua mitambo na kuanza kuunda ya kwao, iliyoitwa Moskva. Harley-Davidson ya Marekani ikatoa yake kwa mwaka 1948. BSA ya Birmingham ikatoa Bantam D1 mwaka huohuo. Hata Yamaha, ilipoingia kwenye biashara ya pikipiki mwaka 1955, ilianza na YA-1 iliyofuata umbo lilelile. Majina yalikuwa mengi na bendera nyingi, lakini ndani ya silinda ulikuta 52 kwa 58, ujazo wa cc 123.

Waingereza hawakunakili tu. Waliigeuza injini iwe kama taswira yake kwenye kioo, ili pedali ya gia ikae kulia kama walivyozoea waendeshaji wao, na bolti za milimita wakazibadilisha kuwa za inchi. Mabadiliko hayo mawili ndiyo yanayomsumbua fundi wa leo. Mchoro ni wa Kijerumani, thredi ni za Kiingereza, na spea zilizojaa madukani kwetu ni za Kihindi na Kichina, ambazo zote ni za milimita.

Bantam ilitengenezwa hadi mwaka 1971. Silinda ilipanuliwa kwa vipindi, kutoka cc 123 hadi 148 na kisha 172, lakini mwendo wa pistoni ulibaki milimita 58 miaka yote. Mwaka 1973 BSA, kampuni ileile ambayo wazee wetu waliifahamu kwa baiskeli, ilimezwa na Norton Villiers Triumph. Tangu hapo hakuna kiwanda cha kuandikiwa barua. Uingereza wapo wafanyabiashara wadogo wanaotengeneza upya pistoni, gasketi na vioo vya taa vya Bantam, na vitu vyao ni vizuri. Ila kipuri cha bei ndogo kikisafirishwa na kutozwa ushuru hadi kufika Mwanza au Mombasa, huwa si cha bei ndogo tena. Kabla ya kuagiza ng'ambo, tafuta kilichopo karibu.

Anza na kitabu cha vipuri cha modeli yako, hata kama ni nakala iliyofifia. Namba za vipuri za BSA zina kichwa kinachoonyesha kipuri kilibuniwa kwanza kwa pikipiki ipi, na 90 ni ya Bantam. Ukikuta kwenye orodha ya Bantam namba yenye kichwa kingine, furahi, maana umeambiwa kwamba kipuri hicho kilitumika pia kwenye BSA nyingine, na uwanja wako wa kutafuta umepanuka.

Baada ya kitabu, kalipa. Kalipa ya vernia nzuri, mikromita moja na geji ya thredi vitakuokolea fedha nyingi kuliko rafiki yeyote aliyeko Ulaya. Pima sehemu ambayo haikuguswa na msuguano. Shafti iliyoliwa chini ya sili bado ina kipimo chake cha kweli sentimita moja pembeni, na bushi iliyotanuka katikati huwa nzima kwenye ukingo. Ukipima palipoliwa, utachongesha kipuri kipya chenye ugonjwa wa kile cha zamani.

Beringi ndizo rahisi kuliko vyote, kwa kuwa dunia nzima ilikubaliana juu ya namba zake. Kuanzia 04 kwenda juu, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano upate tundu kwa milimita, kwa hiyo 6204 ni 20 na 6205 ni 25. Zile za chini ya hapo, kama 6203 yenye tundu la 17, zikariri tu. Pikipiki nyingine za Kiingereza zilitumia beringi za inchi, na hizo zina ukoo wake wa namba. Usijaribu kuingiza ya milimita pale kwa kugonga nyundo.

Sili za mafuta huombwa kwa vipimo vitatu: tundu, upana wa nje, unene. Kwenye injini ya mipigo miwili usizidharau, kwa sababu kazi yake si kuzuia oili pekee. Hewa na petroli hupitia kwenye nyumba ya krenki kabla ya kupanda silinda, na sili ikivuja injini hunyonya hewa ya ziada, mchanganyiko hupungukiwa petroli, joto hupanda, na kichwa cha pistoni kinaweza kutoboka. Nimewaona watu wakilaumu kabureta miezi mizima, wakibadilisha jeti baada ya jeti, ilhali dawa ilikuwa ni sili ya mpira ya bei ya soda chache.

Mnyororo nao ni habari njema. Ule wa 428 unaofungwa kwenye bodaboda nyingi una pichi ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na nusu inchi ndiyo pichi ya mnyororo wa nyuma wa Bantam. Linganisha upana wa roli na meno ya sproketi kabla ya kulipa. Tairi pia: Bantam D7, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950, huvaa 3.00-18, saizi inayouzwa kila duka kwa ajili ya pikipiki za Kichina zenye rimu za inchi 18. Mwenye D1 ana rimu ya inchi 19 na atahangaika kidogo zaidi.

Sasa tufike kwenye thredi, ambako pikipiki nyingi za Kiingereza zimeuawa na mafundi wenye nia njema.

Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 kwamba bolti za Uingereza ziwe na kipimo kimoja, na mabonde ya thredi zake yana pembe ya nyuzi 55. Baadaye ikaja BSF, yenye pembe hiyohiyo lakini thredi zilizosongamana. Watengeneza baiskeli wakawa na kipimo chao chenye pembe ya nyuzi 60, na kwa kuwa pikipiki ilizaliwa kwenye viwanda vya baiskeli, kipimo hicho kikarithiwa. Bolti ya robo inchi ya BSF ina thredi 26 kwa inchi. Ile ya baiskeli ya robo inchi nayo ina 26. Ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha, na nati ya moja itaingia kwenye nyingine kwa kubanabana, lakini zinagusana kwenye ncha tu.

Hatari kubwa zaidi kwetu ni M6, bolti ya kichwa cha 10 iliyojaa kila kopo la gereji. Kipenyo chake ni milimita 6, wakati robo inchi ni 6.35. Pichi yake ni milimita 1, sawa na thredi 25.4 kwa inchi, karibu kabisa na 26. Ndiyo maana M6 huingia kwenye tundu la Kiingereza kwa ulaini unaodanganya, hushika kidogo mwishoni, na ukikaza thredi za alumini zinakufa zote kwa mkupuo. Ukikuta bolti inayochezacheza ikiingia, itoe. Chukua geji, hesabu thredi, pima kipenyo. Kama bolti sahihi haipatikani, fundi mkerezaji ataichonga kwa nusu saa. Na kama tundu limekwisha kuharibiwa na aliyekutangulia, kuna njia mbili za heshima. Unaweza kuchonga bushi yenye thredi na kuipachika, au kukubali kulipanua tundu na kulikatia thredi mpya ya M7 au M8 pale penye nyama ya kutosha.

Spana nazo zina mtego wake. Spana ya Whitworth huandikwa kwa unene wa bolti, mdomo wake hauandikwi. Iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa karibu milimita 13.3. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inateleza na kula pembe za nati. Nati zenye pembe za mviringo kwenye pikipiki za zamani ni ushahidi wa spana ya 14, mara nyingi ikifuatiwa na patasi. Nunua seti ya Whitworth kabla ya kununua rangi.

Kuhusu kabureta nitasema machache. Amal za zamani zilisubiwa kwa aloi laini ya zinki, na slaidi ikipanda na kushuka miaka na miaka huila nyumba yake. Kabureta iliyochoka hivyo hairekebishiki kwa jeti. Tundu hupanuliwa likawekwa bushi, au hutafutwa slaidi mpya ya alumini iliyogumishwa uso. Ukiamua kufunga kabureta ya kampuni nyingine, usihamishe namba za jeti. Namba ya jeti kuu ya Amal ni sentimita za ujazo za mafuta yanayopita kwa dakika, na ile ya Keihin hufuata kipenyo cha tundu. Mia moja ya huku si mia moja ya kule.

Pistoni inahitaji subira zaidi, kwani ndiyo spea ambayo watu huikosea wakidhani wamepima. Mtu anapima kipenyo, anapata 52, ananunua pistoni ya 52 ya mashine nyingine. Kipenyo ndicho kipimo kisicho na umuhimu mkubwa, kwa kuwa silinda ya chuma inaweza kuboreshwa kwa kuboa hadi saizi inayofuata, au kuwekewa slivu ikarudi ilikotoka. Visivyosamehe ni vingine. Pini ina kipenyo gani, na bushi ya konrodi itaweza kuchongwa kuifuata? Kutoka katikati ya pini hadi juu ya pistoni ni umbali gani? Ukizidi kwa milimita mbili pistoni inagonga kichwa cha silinda, ukipungua injini haina mgandamizo. Kisha kwenye injini ya mipigo miwili pistoni ndiyo inayofungua na kufunga milango ya silinda, hivyo urefu wa sketi yake ndio unaopanga muda wa kunyonya. Sketi ndefu unaweza kuikata, sketi fupi huna la kufanya. Mwisho, tazama pini ndogo zinazozuia ringi zisizunguke. Ncha za ringi zikiangukia kwenye mlango wa silinda zitanasa na kuvunjika, na vipande vitachora silinda yote. Pistoni ya mashine nyingine inaweza kukubali vipimo vyote ikakataliwa na pini hizo peke yake.

Pistoni sahihi isipopatikana popote, wapo waliozisubu wenyewe, na mkubwa wao ni Burt Munro wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Mwaka 1920 alinunua Indian Scout ya cc 600 iliyokimbia karibu kilomita 88 kwa saa, akaibadilisha kidogokidogo kwa zaidi ya miaka 40. Pistoni alizisubu kwa kuyeyusha metali chakavu. Silinda alizikereza kutoka kwenye mabomba ya gesi ya chuma cha kusubu. Konrodi alizitoa kwenye ekseli ya trekta, akizikata na kuzipiga tupa kwa miezi, kisha akazitia moto kuzikaza. Tarehe 26 Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliipeleka injini hiyo, sasa ikiwa na cc 950 hivi, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, Marekani. Hesabu ya rekodi ya kasi aliyoiweka hapo ilisahihishwa mwaka 2014, na sasa inasomeka maili 184.087 kwa saa, kilomita 296 na ushee.

Ninalolipenda zaidi kwa Munro ni rafu yake. Vipuri vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga ukutani na kuviita sadaka kwa mungu wa kasi. Fundi anayetunza pistoni iliyovunjika anaweza kuisoma: ufa ulianzia wapi, palipaswa kuongezwa nyama wapi. Anayeitupa ataisubu ileile tena.

Kwetu ufundi wa kusubu alumini haujafa, kwani sufuria nzito za hoteli nyingi zimetoka kwenye kalibu za mchanga za mafundi wa mitaani. Mafundi hao wanaweza kukusaidia sana kwa kifuniko cha klachi, mpini wa breki ya mguu au sahani ya taa. Waambie jambo moja: alumini ikipoa husinyaa kwa asilimia 1.3 hivi, kwa hiyo ukitumia kifuniko cha zamani kama kielelezo, kipya kitatoka kikiwa kidogo zaidi. Kielelezo cha milimita 100 kiongezwe kifike 101.3, na uso wa gasketi uachiwe nyama ya kukereza. Pistoni ni suala jingine. Alumini ya pistoni huwa na silikoni, mara nyingi karibu asilimia 12, inayozuia isitanuke kupita kiasi na isilike haraka. Alumini ya sufuria na fremu za dirisha haina sifa hiyo. Atakayesubu pistoni ayeyushe pistoni.

Kazi ya kuchongesha ina gharama ya kufunga mashine na kupanga kisu, na gharama hiyo ni ileile uchonge kimoja au kumi. Wenye pikipiki za Vincent walilielewa hili mapema. Kiwanda cha Vincent huko Stevenage, Uingereza, kiliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1955, lakini umoja wa wenye pikipiki hizo ulikuwepo tangu 1948, na wanachama walianzisha kampuni yao ya vipuri. Wamechongesha kwa mafungu mpaka imewezekana kuunganisha Vincent Black Shadow nzima, mpya, kwa vipuri vya kampuni hiyo. Usiende kwa mkerezaji na bushi moja. Uliza kwanza Arusha, Nairobi, Kampala nani mwingine ana mashine kama yako. Kumpata huwa kazi rahisi kuliko ulivyodhani, kwa kuwa naye anakutafuta.

Kuna bidhaa moja inayowavutia wengi, nayo ni kipuri cha zamani ambacho hakijawahi kutumika, bado kimo kwenye boksi lake la kiwandani. Kwa gia, shafti na vyuma vingine, kinastahili bei yake. Kwa mpira na umeme, sikinunui. Sili ya mwaka 1955 imekauka hata kama haijaguswa na oili. Kondensa ya zamani huoza ndani ya kopo lake ikiwa rafuni, na ukiifunga injini itawaka asubuhi na kuzima ikishapata joto. Funga kondensa mpya ya gari yenye kipimo kinachokaribiana, hata kama italazimu kuificha chini ya siti.

Nimezungumza kwa uhuru juu ya kubadilisha. Kwenye breki, foksi, usukani na ekseli za magurudumu uhuru huo unakoma. Shuu za breki zipeleke kwa fundi wa laining, mpya zibandikwe kisha zikerezwe zifuate ngoma, na vumbi la laining za zamani lisipulizwe kwa hewa wala mdomo, kwa kuwa nyingi zilikuwa na asbesto. Ekseli isichongwe kwa nondo yoyote iliyookotwa. Bolti za chuma cha pua kisichoshika kutu zinapendeza, lakini aina ya kawaida hulegea kwa nguvu ndogo kuliko bolti ngumu ya asili, hivyo zibaki kwenye madigadi na vifuniko. Hata kupaka kromu kuna hatari: bolti ngumu ikitoka kwenye dawa hubaki na hidrojeni ndani yake, na isipookwa kwa saa kadhaa kwenye joto la karibu nyuzi 200, inaweza kukatika ghafla bila kupinda. Muulize fundi wa kromu kama anaoka. Akikushangaa, chukua bolti zako uondoke.

Na unapobadilisha, kata kilicho kingi, usikate kilicho adimu. Kama kabureta ya bodaboda haikai kwenye silinda ya Bantam, chonga flanji ya katikati, usiguse silinda. Kama shokapu mpya ni pana, punguza bushi zake, usikate masikio ya fremu. Flanji ya alumini unaweza kuichongesha tena wiki ijayo. Fremu ya mwaka 1951 ikishakatwa imekatwa, na atakayepata kipuri cha asili miaka kumi baadaye hatakuwa na pa kukifunga.

Kila ulichobadilisha kiandike kwenye daftari linalokaa na pikipiki, na pikipiki ikiuzwa liende nayo: namba ya kila beringi, vipimo vitatu vya kila sili, pistoni imetoka mashine gani na sketi imekatwa kiasi gani, jeti ipi ilikubali. Tundu lililogeuzwa kuwa la milimita ligongwe herufi M pembeni kwa stempu, penye chuma kinene, mahali ambapo atakayeshika spana ataiona kabla ya kuchagua bolti.